Tembo wa Tabora na Jalada la Gazeti Letu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zako nipate kujibu shauri lililotolewa katika toleo lililopita, ya kwamba jalada la gazeti letu lipambwe kwa picha ya ile sarafu ya dhahabu yenye tembo, iliyofuliwa Tabora mwaka 1916. Mwenzetu aliyetoa shauri hilo ni mtu wa elimu na wa heshima, nami maandiko yake huyasoma kabla ya mengine. Hoja yake ilikuwa hii: mataifa makuu yana dhahabu zao za kale za kujivunia, nasi tunayo yetu, ilichimbwa katika ardhi yetu, ikafuliwa katika mji wetu, ikapewa sura ya mnyama wetu, kwa hiyo ndiyo alama ya kwanza ya uhuru wa taifa hili. Nasikia matawi mawili yamekwisha kuliunga mkono shauri hilo. Mimi silikubali, na kwa kuwa chama chetu ni chama cha watu wa kalamu, afadhali nipinge kwa kalamu kuliko kunung'unika barazani.

Kwanza yafaa tuitazame sarafu yenyewe, maana wengi huisifu nao hawajapata kuiona hata kwa picha. Ni ndogo, upana wake milimita 22, na uzito wake hupita kidogo gramu saba. Upande mmoja yuko tembo ameinua mkonga wake kama anayelia, na nyuma yake mlima. Mtu akiutazama upande huo peke yake aweza kusema: naam, hii ni yetu. Lakini sarafu ina pande mbili. Igeuze, utamkuta tai wa Kaisari, na jina la koloni kwa Kijerumani, na thamani ya rupia 15. Mwenzetu ametuonyesha upande mmoja tu.

Nayo ilizaliwaje? Vita Kuu ilipozuka mwezi Agosti 1914, serikali ya Kijerumani ya nchi hii ilikatwa na kwao. Mwaka 1915 manowari za Waingereza zikaifunga pwani, fedha mpya isiweze kuletwa kutoka Ulaya. Watu nao wakafanya kama watu wafanyavyo siku za mashaka: wakazificha rupia zao, wakaiachia serikali karatasi. Serikali ikapiga chapa noti kwa haraka, walakini mtu wa shamba hakuziamini, na askari alitaka mshahara unaolia ukiangushwa juu ya jiwe. Ndipo kikawekwa kiwanda cha kufulia sarafu mjini Tabora, katika karakana ya reli. Zikafuliwa kwanza hela 5 na hela 20 za shaba. Kisha ikaletwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika Iramba, ambayo leo imo katika Mkoa wa Singida, nayo ikafanywa rupia 15. Kazi ilisimamiwa na mtaalamu wa migodi, Dr. Schumacher, na mihuri ya chuma ilichongwa na sonara Msinhala, yaani mtu wa kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa chaitwa Sri Lanka. Sonara huyo nampa heshima yake kamili: tembo wake ni mzuri, wala sina ugomvi na mkono wake. Zilitoka sarafu 16,198. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na kazi ikawa imekwisha.

Nchi yote wakati huo ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni saba. Ukigawanya, sarafu moja ingewaangukia watu zaidi ya mia nne. Sarafu ambayo watu mia nne hawapati kipande kimoja haikufuliwa kwa ajili yao.

Tena liko jambo la hesabu, ambalo makarani wenzangu watalifahamu upesi kuliko watu wengine. Kwa sheria ya fedha ya Wajerumani, rupia 15 zilikuwa sawa na maki 20. Sarafu ya maki 20 iliyofuliwa Ujerumani ilikuwa na dhahabu safi gramu 7.168. Sarafu ya Tabora nayo ina uzito wa gramu 7.168 ukiipima yote pamoja, lakini si dhahabu tupu: sehemu tatu katika nne ni dhahabu, na robo ni madini mengine yaliyochanganywa. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 5.376 tu. Basi aliyepokea rupia 15 za Tabora aliambiwa amepokea maki 20, na kumbe amepungukiwa robo. Silaumu sana, vita ni vita, na waliozingirwa hutumia walicho nacho. Walakini karani atakayeandika katika daftari lake la fedha kwamba gramu tano ni sawa na saba ataitwa mbele ya mkaguzi kabla ya mwisho wa mwezi. Nashangaa kuona kwamba kitu kilichopunjwa namna hiyo ndicho tunachoambiwa tukiweke juu ya majina yetu.

Sasa nitasema neno ambalo kwetu Ugogo si la vitabuni tu. Mwaka ule ule tembo alipokuwa akifuliwa Tabora, Wajerumani walikuwa wakichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo kwa chakula cha majeshi, na vijana kwa upagazi. Mwisho wa Julai 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali van Deventer, yakashuka kutoka Kondoa Irangi yakaingia Dodoma. Nayo pia yakataka ng'ombe, yakataka nafaka, yakataka wapagazi. Shamba lililokosa mkono wa kulima halikungoja vita viishe ndipo liote magugu. Kisha mvua zikakosa. Njaa iliyofuata, tangu 1917 hata 1920, wenyeji waliipa jina la Mtunya, kwa maana ya kunyang'anyana. Katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu kama 150,000, inakisiwa kwamba wapatao 30,000 walikufa. Mtu mmoja katika kila watu watano, Bwana Mhariri. Hesabu ya waliokufa katika wilaya yetu moja ni karibu mara mbili ya hesabu ya sarafu zote za tembo.

Sisemi kwamba sarafu iliwaua. Kipande cha dhahabu hakina mkono. Nasema tu kwamba sarafu ile na njaa ile vilitoka katika kapu moja. Vilikuwa vita vya wageni wawili wakigombea nyumba isiyo yao, na mwenye nyumba akalipa gharama. Dhahabu ilichimbwa kwa nguvu za watu wetu, ikalipia vita vya kuwazuia watu wetu wasibadilishiwe bwana mmoja kwa bwana mwingine. Uhuru uko wapi hapo? Labda uhuru wa gavana asiyekuwa na njia ya kumwandikia bwana wake Berlin.

Najua nitajibiwa hivi: Je, si kweli kwamba dhahabu imekuwa alama ya kujitawala katika nchi nyingine? Ni kweli, wala sipingi. Wafalme wa Aksum, katika nchi ya Uhabeshi, walikuwa wakifua dhahabu yenye majina yao tangu zama za mfalme Endubis, katika karne ya tatu baada ya Kristo, wakati ambao watawala wa namna hiyo walikuwa wachache duniani. Na Menelik II, aliyewashinda Wataliano pale Adwa mwaka 1896, alikuwa na sarafu za fedha na za dhahabu zenye sura yake na simba wake, zikiandikwa kwa herufi za Kihabeshi. Lakini angalieni jambo moja: mihuri ya sarafu za Menelik ilichongwa Paris. Haikuzuia kitu. Neno lililoandikwa lilikuwa neno la Menelik, na aliyeamuru ipokewe sokoni alikuwa Menelik. Kumbe mahali pa kufulia si hoja, wala madini yalikochimbwa si hoja. Sarafu ya Menelik ilitoka kwa wageni ikawa ya Wahabeshi. Sarafu ya Tabora ilitoka katika ardhi yetu ikawa ya wageni.

Na kama twatafuta dhahabu ya kale iliyo yetu kweli, hatuna haja ya kwenda Uhabeshi. Tushuke Kilwa Kisiwani. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, zenye jina la sultani upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yakipatana vina na jina lile, hata sarafu ikawa kama ubeti mdogo mkononi. Shaba hizo zilisafiri mbali: moja imeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine, mwaka 1944, katika mchanga wa kisiwa kimoja cha kaskazini ya Australia. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa Kilwa, na kwa muda mrefu wenye elimu walifikiri kwamba Kilwa haikufua dhahabu hata mara moja. Walakini mwaka 1991 ilitangazwa kwa maandishi habari ya vipande vitatu vya dhahabu vya sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeijenga Husuni Kubwa, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Hapo jina la mtawala ni la mtawala wa hapo hapo, wala hakuna tai wa mtu mwingine upande wa nyuma. Kama mwenzetu angalileta shauri la dhahabu ya Kilwa, ningalisita kabla ya kumpinga.

Ningalisita, lakini nadhani ningalimpinga hata hivyo. Tazameni Unguja. Sultani Barghash alifua fedha yake mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882: riyali za fedha, na vipande vichache vya dhahabu vya riyali mbili u nusu na vya riyali tano, vyote kwa jina lake na kwa maandishi ya Kiarabu. Zilikuwa sarafu za mfalme asiyetawaliwa na mtu. Miaka mitatu baadaye Kaisari wa Ujerumani alikwisha kuziweka chini ya himaya yake nchi za bara ambazo Barghash alizihesabu kuwa zake, kwa mikataba ya Carl Peters. Na mwaka 1890, Barghash akiwa amekwisha kufa, Unguja nayo iliingia chini ya himaya ya Waingereza. Dhahabu haikuzuia meli hata moja. Sarafu iliyosalia katika vinywa vya watu si ile riyali ya dhahabu, bali pesa, kile kipande kidogo cha shaba. Na kwa Wajerumani kadhalika haikusalia rupia ya tembo, bali hela, senti yao ya chini kabisa. Leo mtu wa Haneti akiwa hana kitu husema hana pesa, au hana hela. Hajapata kusema hana riyali mbili u nusu.

Na sisi wa bara tulikuwaje kabla ya hayo? Hapa naomba wasomaji wanivumilie, maana nalipenda jambo hili, na kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha. Misafara yote iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo. Nchi ilikuwa kavu, maji yalikuwa machache, na visima vilikuwa vya wenyewe. Kila mtemi ambaye msafara ulifika kwake alitoza hongo, kwa nguo, na shanga, na waya wa shaba, ndipo msafara upate maji na ruhusa ya kupita. Burton alilalamika katika safari yake ya mwaka 1857 na 1858. Stanley alilalamika mwaka 1871. Matajiri wa Kiarabu walilalamika kila mwaka, nao wote walilipa. Wazungu waliandika kama kwamba hongo ilikuwa unyang'anyi. Mimi nasoma maneno yao nikiwa karani, naona ushuru wa forodha: mpaka unaojulikana, mtawala anayejulikana, kiasi kinachojadiliwa mbele ya mashahidi. Hapakuwa na sarafu, wala dhahabu, wala mhuri. Na bado mgeni alisimama mpakani akangoja neno la mwenye nchi. Ikiwa huo si uhuru, sijui uhuru ni nini. Ni huzuni kwamba neno hilo hongo, lililokuwa ushuru wa haki unaolipwa mchana, leo ni jina la kile kinachopitishwa chini ya meza. Baadhi yetu wanachama twajua ni meza zipi, lakini hilo ni la toleo jingine.

Wajerumani walipokwisha kushika nchi, mambo yaligeuka chini juu. Mwaka 1897 waliamuru kodi ya nyumba, nayo ikaja kutakiwa kwa rupia. Mgogo aliyetozea hongo sasa alitozwa yeye, tena kwa kitu asichoweza kukilima wala kukifuga. Ilimpasa auze ng'ombe, au auze nguvu zake, ili apate kipande cha fedha chenye sura ya Kaisari amevaa kofia ya chuma, akirudishe kwa Kaisari. Sarafu ya koloni kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo. Tembo wa 1916 ni mtoto wa mwisho wa ukoo huo.

Basi kama alama inatakiwa, ni ipi? Tulijitawala tarehe 9 Desemba 1961, lakini tulinunua chumvi kwa fedha ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919 ikiwa na makao yake London. Wazee wazikumbuka zile senti zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu, na shilingi yenye simba, na maandishi ya Kiingereza. Ilipita miaka minne na zaidi. Benki Kuu yetu ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei, na mwaka huo zikatoka sarafu zetu: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge. Upande wa pili yuko Mwalimu Nyerere. Zilifuliwa Uingereza, kama mihuri ya Menelik ilivyochongwa Paris, wala sioni aibu. Shilingi ilikuwa ya shaba na nikeli, hapana dhahabu ndani yake hata chembe. Lakini katika sarafu zote nilizozitaja, hizo ndizo zisemazo Kiswahili: senti hamsini, shilingi moja. Bibi yangu asiyejua kusoma angeweza kusomewa sarafu yake na mtoto wa darasa la kwanza, akaelewa kila neno.

(Wenyeji wa Haneti wataniruhusu kuongeza kwamba nikeli si madini ya kigeni kwetu. Vilima vyetu vimepata kutobolewa na watafuta nikeli, na yale mawe ya kijani ambayo vijana wetu huyachimba yana rangi ile kwa sababu ya nikeli iliyomo. Kwa hiyo akisema mtu kwamba shilingi ile ni ya madini duni, ajue anasema na nani.)

Mwenzetu atauliza: shilingi hiyo imefika wapi? Na hapa ana haki ya kuuliza. Mwaka 1966 dola moja ya Kimarekani ilikuwa shilingi saba na senti kumi na nne; leo ni zaidi ya shilingi elfu mbili. Sarafu yenye mwenge haipatikani tena sokoni, na dhahabu ya Tabora bado ni dhahabu. Mstaafu aliyeweka akiba yake kwa shilingi analijua jambo hilo kuliko mwalimu wa uchumi. Sitalifunika. Lakini fedha iliyopungua thamani mikononi mwetu ilipunguzwa kwa maamuzi yetu na kwa mashaka ya ulimwengu, na twaweza kuulizana bungeni, na katika magazeti, na hata katika kurasa hizi, ni nani aliyekosea. Mwaka 1916 Mgogo aliyechukuliwa ng'ombe wake akapewa karatasi hakuwa na mahali pa kuuliza. Hiyo ndiyo tofauti nitafutayo.

Wala sidharau dhahabu. Mahali pake ni hazina. Tangu mwaka 2023 Benki Kuu imekuwa ikinunua dhahabu ya humu nchini, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu waliotajwa na sheria wametakiwa kutenga angalau sehemu ishirini katika mia isafishwe humu nchini na kuuziwa Benki hiyo. Naona ni jambo jema, na kwangu mimi kipande cha dhahabu kisicho na picha yoyote, kilichosafishwa Mwanza na kuandikwa katika daftari la Benki Kuu, kina uhuru mwingi kuliko tembo wote 16,198. Nchi yetu huru imepata pia kutoa sarafu ya dhahabu: mwaka 1974 ilitolewa sarafu ya shilingi 1,500 yenye duma, ya uzito wa gramu 33 na zaidi, kwa ajili ya kuhifadhi wanyama wa porini. Kenya ilifanya hivyo mwaka 1966 Mzee Kenyatta alipotimiza miaka 75, na Uganda mwaka 1969 Papa Paulo VI alipoitembelea. Ni vitu vizuri, nao waliovinunua ni wakusanyaji wa sarafu walio mbali. Sijasikia mtu aliyenunua kiberiti kwa duma.

Iko sababu nyingine ya kukataa jalada hilo, nayo yatuhusu sisi na mifuko yetu. Kila mwanachama wa huku bara amesikia habari za watu wazungukao vijijini wakitafuta "rupia za Mjerumani". Wako wanaochimba chini ya mibuyu na kando ya maboma ya zamani, wakiamini Wajerumani walizika mali. Wako wanaosema rupia fulani huvuta nafaka, au huzima taa. Na wako wanaouza tembo. Sarafu ya kweli huuzwa ng'ambo kwa maelfu ya dola, na habari hiyo ndiyo chambo. Mstaafu mmoja nimjuaye, mtumishi aliyetunza mafaili kwa miaka thelathini bila kupoteza hata moja, alitoa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake akauziwa tembo aliyefungwa katika kitambaa, pamoja na barua yenye mihuri mitatu. Sonara aliikwaruza ukingoni kwa tupa, ikatoka shaba. Muuzaji hakuonekana tena. Mzee huyo hakwenda polisi kwa sababu ya haya, na sasa analima bustani ya mchicha.

Gazeti letu likimweka tembo yule jalada zima, tena kwa jina la alama ya uhuru, matapeli watalibeba gazeti lenyewe mkononi. Watasema: tazama, hata chama cha watumishi chamjua. Nami nataka wanachama wajue machache ya kuwakinga. Hela 20 za shaba za Tabora ni nyingi, nyingine ni za njano, nazo zikisuguliwa kwa majivu na ndimu hung'aa sana. Lakini zina taji, hazina tembo, wala si dhahabu. Sarafu ya tembo ya kweli haifiki gramu saba na robo, kwa hiyo mizani ya sonara ni shahidi bora kuliko barua ya mihuri mitatu. Na mtu akiokota sarafu ya Kilwa, hiyo si yake ya kuuza: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863 kuwa mabaki ya kale yanayolindwa, na yapasa aipeleke habari serikalini.

Nisieleweke kwamba nataka tembo wa Tabora atupwe. Atunzwe, na watoto wetu waonyeshwe. Ningependa chama kiiandikie Makumbusho ya Taifa barua ya adabu, kuomba kwamba kila inapoonyeshwa sarafu hiyo, maelezo yake yataje pande zote mbili: Sekenke na karakana ya Tabora, na pia wapagazi, na ng'ombe, na Mtunya. Tawi la Dodoma laweza kukusanya habari za njaa ile kutoka kwa wazee ambao wazazi wao waliipitia. Kazi hiyo haina gharama ila daftari na nauli, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Mimi najitolea kwa Haneti na vijiji vya Itiso.

Na kuhusu jalada, kama Halmashauri yaona ni lazima liwe na sarafu, ninayo shilingi moja ya 1966 niliyoachiwa na baba yangu. Imesagika kwa kupita mikononi, hata uso wa Mwalimu hauonekani vizuri, lakini mkono na mwenge bado vyaonekana, na mchoraji ataweza kuvifuata. Naituma pamoja na barua hii ndani ya bahasha ya pili, iliyosajiliwa, nami naomba nirudishiwe baada ya kazi.

Ni mimi,
Karani wa Haneti